Kiti cha Mzee wa Kipese

Asubuhi zetu zilinuka majivu na ndimu. Nyumba yetu ya Butembo ilikuwa kando ya barabara iendayo Beni, na barazani Mama alisugua shaba kwa mchanganyiko huo mpaka vidole vikamgeuka rangi. Alinunua na kuuza vitu vya zamani: saa za ukutani, taa za shaba, vinu vya kahawa vilivyoachwa na Wabelgiji, mabakuli ya mbao ya babu zetu. Wakati ule wa vita biashara hiyo ilikua bila yeye kuitafuta. Familia zilizokimbia vijiji vya Lubero zilifika mjini na godoro kichwani na kitu kimoja cha ukoo kwapani, zikitaka unga.

Mama hakumdanganya mtu mwenye njaa. Mimi, bintiye, alinifundisha kukigeuza kitu kwanza na kutazama chini yake, kwa kuwa wadanganyifu hupaka rangi pale tu macho yanapofika. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye redio mbovu. Ikinata kwenye taa, ujue ni chuma kilichopakwa. Mbao alizinusa. Kiti kilichofukizwa moshi juzi ili kionekane kikongwe hunuka jikoni, alisema. Cha zamani kweli hunuka watu.

Mzee mmoja wa kijiji cha Kipese alituachia kigoda chake tumtunzie mpaka vita viishe. Mvua zilipokolea, askari waliowekwa mtaani kwetu walikuwa wameishiwa kuni na wameshachoma uzio wa jirani. Alasiri moja kamanda wao, mtu wa mkoa wa mbali, alipanda barazani, akakiinua kile kiti na kumpa askari mwenye shoka.

"Shefu, ile hapana kuni," Mama alisema, akasimama mbele ya shoka.

"Ni nini basi?"

"Geuza, uone weye mwenyewe. Musumari iko wapi? Hakuna. Balikichonga mu muti moja. Na hapa katikati paliingia sababu ya batu kukikalia, babu ya mwenye kiti na baba yake. Ukipasua, nani atakirudisha?"

Kamanda alipitisha kidole gumba kwenye lile bonde la katikati.

"Babu yangu alikuwa na kama hiki," alisema. "Mama, unauzisha bei gani?"

"Hapana kuuza. Mwenyewe atakirudilia. Kuni, nitakupatia zangu."

Akawapa mzigo wetu wote wa kuni. Jioni hiyo tulikula ndizi mbivu na maji baridi, nami nilitafuna nikimtazama Mama kana kwamba ndiye aliyevishinda vita. Mzee alirudi njia zilipofunguka. Alikikalia kiti chake kwanza, palepale barazani, ndipo akatusalimu.

Leo Butembo imejaa viti vya plastiki, na watu hunitumia picha za vyombo vyao kwa simu wakiniuliza thamani. Nawaambia wavilete, nivishike. Wanunuzi wa siku hizi wanatoka mbali na wanalipa vizuri kuliko zamani, lakini wauzaji wengi hawajui tena kitu kilikuwa cha nani. Mama alijua. Mimi nina duka lenye kioo mlangoni na jina langu juu yake; hata hivyo wateja wazee huingia wakiuliza kama hapa ndipo kwa mtoto wa yule mama aliyesimama mbele ya shoka. Huwa nawajibu kabla hawajamaliza: ndipo hapa, karibuni.