Mashine Iliyougua Saa ya Bugali

Parokia yetu ya Vulamba ilipata mashine ya kutunza majina ya waliobatizwa: sanduku jeusi lisilo na kioo. Programu yake ya Java haikuwa na picha wala vitufe. Iliamshwa kwa maneno ya kuandika tu. Mwenye haki ya kuyaandika alikuwa chef wa buro, yaani mkuu wa ofisi, mtu wa diploma kutoka mkoa mwingine. Mimi, mwenye shule ya msingi na aibu ya kutosha nyumba tatu, nilipewa dirisha la kuzungumza na watu. Walinipima vizuri.

Kila siku chef alifika saa nne, akaunganisha laptop yake na sanduku, akaandika. Programu ikaanza kusoma majina polepole, mpaka karibu saa sita. Saa sita chef akakunja laptop, akaitia kwapani, maana chef haonekani barabarani mikono mitupu, akaenda kula. Papo hapo majina yakapotea kwenye kompyuta yangu ya dirishani.

"Mashini iko mugonjwa," alisema kila alasiri. "Tutaianzisha tena kesho."

Ugonjwa wenye adabu: ulingoja saa ya bugali.

Ijumaa yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuja mara ya nne. Ndoa yake ilikuwa Jumamosi, na padri hakutaka kusikia lolote bila cheti cha ubatizo. Alibatizwa kule Mabalako, ambako kitabu kiliungua baada ya majina kunakiliwa. Jina lake lilibaki ndani ya sanduku tu.

"Bakwe banachinja mbuzi kesho," alinong'ona dirishani. "Niende kubaambia nini? Mashini iko na malaria?"

Fundi aliyeleta sanduku alikuwa amebandika karatasi nyuma yake. Mimi naandika polepole, kwa hiyo niliinakili yote daftarini. Amri ilianza na neno moja na kuishia na alama moja, na chini fundi alieleza: hivi viwili huiacha programu ifanye kazi hata aliyeiamsha akiondoka. Chef aliviruka siku zote. Aliviita mapambo.

"Chef," sauti ikanitoka, "leo niandike mimi? Weye uko na njaa."

"Andika basi. Na kidole yako moja ile, Pasaka itatukuta hapa."

Nikaandika, mapambo pia:

nohup java -jar ubatizo.jar &

Herufi hazikukimbia kwenye kioo cha laptop kama kawaida.

"Umeiua," alisema kwa furaha, akakunja laptop, akaondoka.

Tukangoja. Majina yakaja dirishani, moja baada ya jingine, na hayakupotea. Cheti cha yaya kikatoka kwenye printa, kizima, kikikosa saini tu. Saini ilikuwa inakula bugali.

Nilikwenda na cheti, nikasimama mbele ya sahani ya chef.

"Mashini hapana kufa?" aliuliza.

"Hapana, chef. Nazani leo uliikunja muzuri laptop."

Aliitikia kwa kichwa kama daktari mkuu, akasaini bila kunawa.

Yaya aliolewa Jumamosi. Padri alikigeuza-geuza cheti, akatazama doa la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, chini ya saini, kisha akaendelea na misa.