Tumbo la sungura yangu

Asubuhi ile sungura yangu alikuwa amejikunja kwenye kona, anakataa kula, anasaga meno, na chini ya banda hapakuwa na mavi hata kidogo. Nikamugusa tumbo, gumu kama ngoma. Nikamuwaza mama mudogo palepale. Wageni wake wa kutoka Beni walikuwa wanakuja, na tangu Jumapili alikuwa anaangalia lile banda sana.

"Umuchinje mbele ya afe," akaniambia. "Nyama itapotea bure."

Mimi naogopaka kusema. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamuhukumu: amemupa sungura kitu ili achinjwe.

Nikamutoa atembee, nikamusugua tumbo polepole, nikamupa maji ya vuguvugu na majani makavu tu. Mama mudogo akasimama mulangoni.

"Na yale majani ulikata jana na mvua, uliyaanika?"

Kwetu Butembo hata batoto badogo banajua: majani yenye maji yanaanikwa kwanza. Mimi nilikuwa na haraka ya masomo, sikuyaanika.

Saa tisa mavi ya kwanza ikaanguka. Nikalia.

"Mungu asifiwe," akasema mama mudogo. "Wageni batakula maharagi."

Hata hivyo nikabeba banda mpaka chumbani mwangu.