Matone ya Hamu ya Kula

Mtu wa kampuni ya dawa alifika zahanati yetu mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Sola. Mimi ndiye niliyekuwa mganga msaidizi, peke yangu, na kabati langu lilikuwa na klorokwini, aspirini na dawa ya vidonda, basi. Alishuka kwenye Landrova amevaa kaunda suti, akanipa mkono na kuniita daktari. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo bila kunitania. Nilivimba kichwa, sifichi.

Aliniachia kalamu, kalenda yenye picha ya mtoto wa mashavu manene, na katoni ya chupa ndogo za matone ya kuleta hamu ya kula. Bure. Karatasi ya ndani ya boksi ilisema yanafaa kwa watoto waliokonda na wanaoinuka kutoka ugonjwani. Niliisoma mara mbili. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikukosea kipimo hata tone moja.

Kwetu zawadi ya mgeni huanzia nyumbani. Binti wa dada yangu, wa miaka sita, alikuwa ametoka kwenye surua, amebaki macho na mbavu. Mashamba ya zamani tulikuwa tumeyaacha mbali, na mapya yalikuwa bado hayajatoa kitu. Akina mama wengine niliwapa chupa moja moja. Mpwa wangu nilimwekea nne.

Alikula. Mwezi haukuisha akawa anakomba sufuria, na mashavu yakaja yale yale ya kwenye kalenda. Dada yangu alimpitisha nyumba kwa nyumba kumwonyesha.

Kufikia chupa ya nne sauti ya mtoto ilianza kukwaruza. Tukadhani mafua. Ikazidi kushuka, zikaota nywele juu ya mdomo, na watoto wenzake wakaanza kumwita babu.

Nilipata jibu Bariadi, kwenye semina. Daktari mmoja mgeni kutoka Ulaya alikuwa na boksi la matone hayo hayo, la kampuni ile ile, alilolinunua kwao. Karatasi yake ilikuwa ndefu kuliko yetu. Ilisema watoto wasipewe, kwamba sauti za wasichana huweza kuwa nzito na zisirudi tena. Niliomba kuisoma mwenyewe.

Mtu wa kampuni aliporudi na katoni nyingine, nilimuuliza kwa nini karatasi yetu haikusema hayo.

"Ile ni sheria ya kwao, daktari," alisema bila kukasirika. "Huku hakuna anayetudai tuandike."

Nikamwambia apakie katoni yake. Akapakia, akaacha kalenda mpya mezani. Niliandika barua wilayani, na kwa kalamu ile ile aliyonipa, maana sikuwa na nyingine. Sikujibiwa.

Dada yangu alipouliza, nilimwambia ni surua iliyoacha alama kooni. Mtu mzima mwenye cheti ukutani, nikamdanganya dada yangu wa tumbo moja, kwa woga tu. Aliniamini.

Kwetu binti humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, akapiga makofi taratibu na kutamka salamu. Mpwa wangu alikuwa ameanza kupiga makofi na kunyamaza, na wazee wakamsema hana adabu. Asubuhi moja dada yangu alimleta kwangu, amebeba kuku wa kunishukuru, kwa kuwa mtoto alikuwa hai.

"Mwamkie mjomba wako, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Huyu ndiye aliyekuponya."

Mtoto alipiga magoti. Alipiga makofi mawili, akanitazama, midomo ameibana. Dada yangu alimsukuma bega.

"Mwangaluka," nikaitikia haraka salamu ya asubuhi ambayo hakuwa ameitamka, kabla hajalazimishwa kufungua mdomo. Kisha nikapokea kuku.