Siku Niliyomnyamazisha Baba

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka na kuona haya kwa pamoja. Ni siku tuliyotoka Kifanya kwenda Makambako kuniposea mke.

Nilikuwa mwalimu mpya, suruali yangu imenyooshwa mstari, na maneno yangu yamenyooka kuliko suruali. Baba yangu, Mzee Petro, alikuwa mpasua mbao, na utani wake ulijulikana hadi Njombe mjini. Mama akimtuma chumvi asubuhi, chumvi ilifika jioni, maana hakujua kumpita mtu kimya. Salamu ya "Kamwene!" huku, kicheko kule, mtoto wa fulani amepona homa? Mama alipougua, ni yeye aliyetupikia ugali, na aliusifu mwenyewe kabla hatujauonja ili tuone aibu kuukataa.

Baba wa namna hiyo, mwanangu, mimi nilimwonea haya. Mkataa kwao ni mtumwa, nami utumwa huo niliuvaa pamoja na tai yangu. Kabla hatujapanda lori la mbao nilimvuta pembeni.

"Baba, wale ni watu wazito. Leo naomba usitanie. Ikiwezekana usiseme kabisa, mshenga atasema."

Nilidhani atanijibu kwa mzaha. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, mwalimu."

Hakuniita mwanangu. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilikwama kwenye tope, tukashuka wote kusukuma, na tulipofika Makambako saa sita tuliyoahidi ilikuwa imepita zamani. Baba mkubwa wa mchumba wangu Imelda, aliyemlea tangu baba yake mzazi afariki, alitukaribisha kwa uso uliofungwa.

"Watu wa Kifanya," akasema, "huku kwetu anayetaka mke huamka mapema."

Mshenga wetu akaingiwa na hofu. Akalaumu mvua, akalaumu dereva, akalaumu barabara, na alipokosa cha kulaumu akasema kosa ni la nyumba yenyewe kujengwa mbali. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi! Mzee yule akasimama.

"Na huyu baba mtu? Tangu aketi hajafungua kinywa. Hatustahili hata neno lake? Rudini na posa yenu."

Jikoni sauti za sufuria zikakoma. Nikajua Imelda amesikia. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, amekaza midomo. Nilimwomba anyamaze, na alikuwa tayari kudharauliwa mbele ya ukumbi mzima kuliko kuvunja ahadi aliyonipa.

Nikapiga magoti.

"Baba mkubwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemkataza baba asiseme. Niliogopa utani wake utaniaibisha." Nikamgeukia baba yangu. "Baba, nisamehe. Sema."

Baba akakohoa taratibu.

"Kamwene, wakwe zangu. Huyu kijana nilimfundisha kusema mimi mwenyewe, neno kwa neno. Alichelewa, nikawa namwomba Mungu kila siku. Alipoyajua maneno yote, akaniambia: haya, sasa baba nyamaza."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Baba akauvuta mguu wa kushoto aliokuwa ameuficha chini ya kiti. Haukuwa na kiatu, na ulikuwa umejaa tope hadi kwenye goti.

"Kiatu kilizama tulipokuwa tukisukuma lori. Wenzangu walitaka tukitafute, nikawaambia tutazidi kuchelewa. Mwenye dharau, wakwe zangu, huja na viatu viwili."

Mzee yule alijitahidi kukaza uso. Akashindwa. Alicheka mpaka akaketi, akafuta machozi kwa kiganja, akaita, "Leteni maji ya moto! Mkwe wangu aoshe mguu!"

Mkwe wangu! Vigelegele vilianzia jikoni kabla mshenga hajaelewa kilichotokea. Kweli, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Tangu hapo wazee wale wawili wakawa marafiki wasioachana. Yule wa Makambako alikuwa akija Kifanya bila ujumbe wowote, anakuja kucheka tu, kisha anarudi kwake.

Baba tulimzika mwaka jana, amekwisha kubeba vitukuu mgongoni. Watu walitoka Njombe, Makambako, Ilembula, Wakatoliki na Walutheri, na kila mmoja alikuja na neno lake moja la kuchekesha la Mzee Petro. Padri alianza kulisimulia la kwake, akacheka mpaka akashindwa kulimaliza. Niliwatazama wanangu wakicheka na kulia kwa wakati mmoja, nikasema moyoni: baba yangu ameshinda. Kuna wenye mali waliozikwa na watu wachache kuliko wapishi wa msiba wake.

Basi sikiliza, mwanangu. Elimu ikikuinua, usiitumie kuwatazama waliokuzaa kutoka juu. Ukikosea mbele za watu, kiri mbele ya watu hao hao, usingoje kesho. Na salimia watu, hata kama chumvi itachelewa.

Mungu akupe nyumba yenye wageni wengi, watoto wasioogopa kishindo chako mlangoni, na mwenzi wa kucheka naye hadi uzeeni. Nenda na baraka zangu.