Nilivyokwenda Kigwa Kumkana Nyani

Mimi sishangazwi na kitu. Nimeona mfanyabiashara wa mjini akipunguza bei bila kuombwa, nimeona mhubiri akisahau kupitisha sadaka, na sikufumba hata jicho. Darasa la pili sikulimaliza. Nilianza kwa kubeba nta kichwani, na leo nina nyumba ya bati hapa Kanyenye na baisikeli mbili, moja ina taa. Nimejitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo niliposikia kwamba Mwalimu Petro wa Kigwa, aliyemchumbia binti yangu Agnesi, anawafundisha watoto kuwa binadamu katoka kwa nyani, sikushangaa. Nilikasirika tu.

Nikawaambia wazee wa kanisa, mbele ya watu, kwamba kama maneno haya ni kweli mtoto wangu hataolewa, maana sitaki mahari yenye mkia. Agnesi akaacha kula. Mama yake akanijia taratibu.

"Baba Agnesi, kabla hujavunja uchumba wa watu, nenda ukamsikie kwa masikio yako. Maneno ya sokoni hufika yamevaa kofia ya mtu mwingine."

Asubuhi iliyofuata nikaondoka na baisikeli yenye taa, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nyuma nilifunga sufuria yenye sega la asali nililonunua Ntalikwa. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu. Tazama sega: kila kijumba kina pembe sita, hakuna kilichopinda. Nyuki hana rula, na shule hajaiona hata mlango. Basi yuko aliyempangia, naye ni Mungu. Hoja hii niliifikiria mwenyewe, sikuazima kwa padri wala kwa mchungaji.

Baada ya kuuacha mji nikaishika njia ya zamani ya wapagazi. Babu yangu alipita hapa hapa na pembe ya ndovu begani, akielekea pwani. Mchanga ni ule ule, na unamaliza miguu vile vile. Mbung'o walinifuata kama wadai. Mahali pengine niliendesha baisikeli, mahali pengine baisikeli iliniendesha mimi, na kwenye makorongo nilimbeba mwenzangu kama mgonjwa.

Jua lilipofika utosini nilipumzika kando ya kijito. Nikasinzia kidogo. Nilipofumbua macho, nyani dume alikuwa amekaa kwenye sufuria yangu, anakula ushahidi. Alikuwa anavunja sega kwa vidole, anatazama vile vijumba, anatafuna, kisha anatema nta. Nikiri jambo moja: vidole vyake vilifanana sana na vya karani mmoja niliyemwajiri zamani. Lakini nilipoona anatema nta moyo wangu ulitulia. Ile ni nta ya kuuza. Mtu wa ukoo wangu hawezi kutema nta, hata akiwa amelala. Nikajua kwa hakika kuwa hatuna ujamaa. Nikamfukuza kwa pampu ya baisikeli, na nusu ya sega ikasalimika.

Kigwa nilifika alasiri. Mwalimu Petro alitoka mbio kuipokea baisikeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu, marahaba fupi ya mtu mwenye kesi.

Ndani nilimkuta mshenga wao, Mzee Ndahani, nyapara wa reli. Huyu ni Mgogo. Na Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, walipokuwa wakitutoza mali kwa maji ya visima vyao. Mtani akikutukana unacheka. Ukikasirika, unalipa.

Tulikula kuku na ugali, mama yake Petro akaondoa vyombo, nami nikafungua kesi. Petro alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi ni Mkristo. Mtoto mmoja aliniuliza, nikamjibu kwamba wako wataalamu wanaosema viumbe vilibadilika polepole, tangu zamani sana. Nikawaambia, hata kama ni hivyo, aliyeanzisha na anayeongoza ni Mungu."

Nikatoa sega. "Hebu tazama. Pembe sita. Kitu chenye mpango kina mwenye kupanga."

"Ni kweli kabisa, baba."

Hilo liliniudhi. Sikuja mwendo wote ule ili nikubaliwe.

"Ila," akaendelea, "mpango wa siku moja ni mpango, na wa miaka mingi ni mpango. Nyumba yako ilianza ya nyasi, ikaja ya udongo, sasa ya bati. Yuko anayesema haikujengwa?"

"Nyumba ya bati haikuzaliwa na nyumba ya nyasi," nikamwambia.

Akainamia sega. Hapo nilishinda, na naomba isomwe hivyo. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mkubwa. Lakini nikaongeza, kwa sauti ya mimbarini: "Hakuna kitu duniani kilichojitengeneza chenyewe. Hata kimoja."

Ndahani alikuwa akichokonoa meno. "Mtani, na wewe? Maana tangu umeingia tunasikia nyumba, baisikeli, taa. Nani alikutengeneza?"

"Nimejitengeneza mwenyewe," nikasema, maana mdomo umezoea.

Ndahani akamgeukia Petro kwa upole. "Mwalimu, acha kuwasumbua watoto na nyani. Nyuki ana Muumba, kuku tuliyemla ana Muumba, hata sisi Wagogo tunaye. Mnyamwezi mmoja tu, wa Kanyenye, ndiye aliyetokea hivi hivi. Wapelekee huyu darasani wamwone."

Nyuma ya mlango mama yake Petro alicheka mpaka sinia likaanguka. Petro aliinama, mabega yanatikisika.

Nikasimama. "Uchumba umekwisha. Nipeni baisikeli yangu."

"Umekasirika, mtani?"

"Nimekasirika sana."

"Mmemsikia," akasema Ndahani, akatoka nje akaikalia baisikeli yangu. "Kakasirikia utani. Atatoa mbuzi, na neno alilolisema kwa hasira hiyo halivunji kitu. Uchumba uko pale pale. Kwani mwalimu amemkana Mungu?"

Nikafikiri. Hakumkana. Nami nilikuwa nimewaapia wazee kwa "kama".

Mbuzi nilimnunua kwa nani? Kwa Ndahani mwenyewe, maana siku ile ndiye pekee aliyekuwa na mbuzi wa kuuza. Nikampa fedha, akanipa kamba. Nikampa kamba, akanipa baisikeli. Mbuzi akarudi zizini kwake bila kujua kwamba amesafiri.

Kesho yake nilirudi kwa treni, kwa sababu ya magoti. Agnesi alikuwa mlangoni.

"Mwalimu anamjua Mungu," nikamwambia. "Nenda ukale."

Akala sahani mbili. Wazee wa kanisa nao niliwaeleza kwamba nimemhoji kijana, nimemshinda, na nimemsamehe. Nilichojifunza ni kwamba Mungu alipanga kila kitu, akitaka haraka, akitaka polepole, hilo ni shauri lake. Na mtu akienda kumtetea, asianze kujisifu mbele ya Mgogo. Mbuzi, nauli yangu, nauli ya baisikeli, na sukari aliyodai Ndahani ya kulainisha koo baada ya kucheka: shilingi ishirini na mbili na senti sitini.