Cube ya Mugendi na komeo la ndani

Wakuu, habari zenu. Hii naiandika vile ilivyokuwa, sijaongeza chumvi. Mtu wa kwetu akisoma atajua ni mimi, na sina shida.

Mimi ni mwanamke, kifungua mimba, kwetu ni huku Kianjokoma kwenye majani chai. Kazi nafanya Embu town lakini wikendi lazima nipande nyumbani.

Anayenifuata ni Mugendi. Miguu yake haijawahi kumbeba tangu utotoni, anatumia wheelchair. Ana kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni. Simu yako ikiingia maji hapa kwetu, ni yeye utamtafuta.

Kwa wasiotoka huku: kijana akishatahiriwa, hawezi kulala tena kwa nyumba ya mamake. Anajengewa yake hapo hapo bomani, ya mbao, tunaiita cube. Na kuanzia siku hiyo mama haingii humo bila kukaribishwa, hata awe mkali namna gani. Na mama yetu ni mkali, tusidanganyane.

Nyaga, kitinda mimba wetu, alijengewa yake hata kidonda hakijapona.

Mugendi alitahiriwa hospitalini, akarudishwa chumba kile kile kilichopakana na cha mama. Hakuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Miaka ikaenda tu. Mtu mzima na ndevu zake, mama anaingia bila kubisha, anamfunua blanketi, anamuuliza kama ameenda choo.

Ni upendo, wakuu. Mama alimbeba yule mtu hadi mgongo wake ukaharibika.

Sasa Krismasi iliyopita tukiwa wote mezani, Mugendi akasema anataka cube yake. Mbao ameshanunua. Mama akaweka kijiko chini, akauliza akianguka huko peke yake nani atamwinua. Mugendi akamjibu taratibu kwamba hata humu ndani ameanguka mara nyingi, akajiinua bila mama kujua. Mama hakumaliza chakula.

Tukajenga hata hivyo, Nyaga na fundi mmoja wa hapa. Mimi nikanunua rangi na kujipa cheo cha msimamizi. Ikatoka nyumba safi ya kijani, dirisha linaangalia mlima. Tukamwita mwenyewe aje kuiona.

Akasimamisha wheelchair, akaiangalia nyumba juu hadi chini.

"Nyumba ni poa," akasema. "Sasa mnionyeshe yenye nitaingia."

Wakuu, huku kuna baridi na unyevu, kila cube huinuliwa juu ya mawe ndio mbao zisioze. Unapanda ngazi, unapita kamlango kembamba, umefika. Fundi alijenga vile hujenga siku zote. Sisi nasi tulipanda hizo ngazi kila siku na misumari na rangi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria. Nilisikia aibu hadi masikio yakawaka. Nyaga akaanza kucheka, Mugendi akacheka, halafu tukapangusa macho tukisingizia vumbi la mbao.

Safari hii Mugendi ndiye akawa msimamizi, tepu ya kupimia mkononi. Mlango ukapanuliwa. Badala ya ngazi, mawe na changarawe vikashindiliwa ikawa njia ya kupanda polepole. Kitanda kikashushwa kilingane na kiti. Na komeo likapangiwa ndani, chini, pale mkono wake unapofika.

Hapo kwa komeo ndipo mama aligoma kabisa. Akamwambia fundi asilipigilie. Fundi wa watu akabaki na nyundo mkononi, hajui amsikize nani.

Mugendi akajisukuma hadi mbele ya mama.

"Mami, Nyaga ako na komeo ndani. Hukuwahi kumuuliza akianguka itakuwaje."

"Nyaga ako na miguu."

"Najua. Lakini hata mimi ni mwanaume wa hii boma. Nikikuhitaji nitakuita."

Mama akageuka. Akaenda zake kwa ng'ombe, na komeo likapigiliwa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nje nikipiga mswaki. Mama akatoka jikoni na thermos ya chai, akapanda ile njia ya changarawe. Mkono ukaenda kusukuma mlango, vile amezoea. Halafu ukarudi.

"Hodi," akasema. Kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

"Nakuja, Mami. Ngoja kidogo."

Akangoja. Tukasikia kitanda kikilia, kisha magurudumu. Kitu kikaanguka, nadhani kikombe. Mama akashika mlango, akauachilia, akaikumbatia thermos kwa mikono yote miwili. Ilichukua muda, wakuu. Nilitamani kwenda kumshika mkono.

Kisha komeo likavutwa.

"Karibu kwangu," Mugendi akasema. Akamkalisha kwenye kiti, akammiminia chai. Mama akanywa kimya kama mgeni, machozi yanashuka, na hakuyapangusa.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tunampenda Mugendi sana bila kumuuliza. Kama una wako mwenye ulemavu, muulize kabla hujapiga hata msumari mmoja.

Na kama kwenu kuna mtu mzima ambaye hamjawahi kumbishia mlango, niambieni hapo chini mlizoea vipi. Ni mama ameniomba niwaulize. Anasema hodi ameshajifunza, kinachomshinda ni pale kwa kungoja.