Mtamba wa Mdogo Wangu

Kwa baba yetu, kule milimani Bugarama, ng'ombe jike alibadilishiwa jina kadiri alivyokua. Akizaliwa ni ndama. Akiachishwa ziwa, akakomaa lakini hajazaa, ni mtamba. Akizaa ndipo anakuwa ng'ombe hasa, mama wa zizi. Na yule anayepandwa na fahali mara nyingi bila kushika mimba ni tasa. Watu wa mjini huchanganya mtamba na tasa, nawe usione haya kama ulikuwa hujui: mtamba hajazaa, tasa hazai. Katikati ya maneno hayo mawili niliishi miaka minane ya ndoa yangu, na majirani zangu wa Rumonge walikwisha kunihamisha kutoka la kwanza kwenda la pili.

Baba alikuwa na desturi yake. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, alimpa mtamba mmoja, ili mjukuu asikose maziwa. Mdogo wangu alipewa wake. Mimi niliyeshinda zizini tangu utotoni, niliyekamua wakati yeye akiogopa mateke, sikupewa kitu. Sikuwa na mjukuu wa kumpelekea.

Vita vilipofika milimani, mdogo wangu alishuka kwetu ziwani. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine anamvuta mkono, na kamba ya mtamba imezungushwa kiunoni. Mumewe alikuwa ameuawa, baba pia. Nilimkumbatia tukalia. Hata hivyo macho yangu yalipita juu ya bega lake yakatua kwa mnyama: mweusi, mgongo umenyooka, chuchu nne zimepangika vizuri. Ningeambiwa nichague, ningemchagua huyohuyo.

Mume wangu, fundi wa mitumbwi, alimfunga mtamba nyuma ya nyumba penye michikichi, kisha akasema waziwazi, "Shemeji, karibu, hapa ni kwako. Lakini majani yanakatwa mbali na njia ni mbaya. Asiposhika mimba kabla ya mvua, tutampeleka kwa wachinjaji. Watoto wapate kula."

Fahali wa karibu alikuwa kule kijijini Gatete, kwa mjane mmoja, na askari walifunga barabara kila siku saa kumi. Hapo lazima nikueleze kidogo. Joto la ng'ombe, yaani ile hali ya kutaka dume, halimalizi siku nzima, na likipita hurudi baada ya siku kama ishirini na moja. Ukiliona asubuhi, mpeleke mchana. Ukiliona jioni, mpeleke kesho yake asubuhi. Si elimu kubwa, yeyote anaweza kuipata. Inataka jicho tu. Mdogo wangu hakuwa nalo.

"Dada, wewe ndiye unajua," alisema. "Mimi naenda kwenye foleni ya unga. Niangalilie tu."

Asubuhi hiyo mtamba alilia mfululizo, akayaacha majani yake. Nilipoinama kuosha sufuria, alikuja akaniwekea kidevu mgongoni. Chini ya mkia ute mwangavu ulikuwa unaning'inia kama uzi. Hakuna ishara iliyokosekana. Mkekani mtoto mdogo aliamka akaanza kulia, "Mama! Mama!" Nilimnyanyua, akajinyonganyonga mikononi mwangu, akaendelea kumwita mwingine.

Nilimweka chini. Nikachana kipande cha jani la mgomba, nikaufuta ule ute, nikausafisha na mkia.

"Vipi leo?" mdogo wangu aliuliza aliporudi, unga kichwani.

"Hakuna kitu. Analia njaa."

"Murakoze, dada," akanishukuru, akaenda kumkatia majani mengine.

Haikupita wiki mbili, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wetu akasimama mlangoni na beseni lake. "Amahoro! Huyu mutamba wenu iko bado?"

"Bado," nilijibu.

"Aa! Anamuiga mwenye nyumba. Paa moja, tasa wawili!"

Wanawake waliokuwa wakinunua walicheka. Mdogo wangu alimkabidhi mtoto kwangu, akamkabili. "Mama, uza ndagala zako. Kwetu tasa ni yule aliyepelekwa kwa fahali akarudi mtupu. Huyu siku yake haijaonekana, basi. Dada yangu anamuangalia. Ingeonekana angesema."

Nilikuwa nimembeba mwanawe, sikujua nitazame wapi. Mnyama ambaye hajawahi kupandwa hata mara moja alikuwa amepewa jina langu, kwa sababu ya kipande cha jani la mgomba.

Joto liliporudi nilikuwa wa kwanza kuamka. "Ni leo," nilimwambia. Tuliwaacha watoto kwa mume wangu, tukaenda Gatete mchana, milio ya bunduki ikisikika mbali upande wa milimani. Mtamba aliogopa uzito wa fahali. Nilimshika pembe na kumkuna shingo mpaka akatulia, akapandwa mara mbili.

Njiani kurudi nilisema, "Wiki tatu zilizopita alikuwa na joto. Niliona. Nikafuta ute."

Mdogo wangu aliuliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu baba alikupa wewe."

Alinyoosha mkono akaichukua kamba kutoka kwangu, akatangulia. Hakunisemesha siku tatu. Kuanzia hapo alimkagua mtamba mwenyewe kila asubuhi, akiinua mkia kama alivyoniona nikifanya. Siku ya ishirini na moja ilifika, hakuona kitu. Ya arobaini na mbili pia hakuona kitu: mtamba alikuwa ameshika mimba. Mvua zikaja, na mume wangu hakutaja tena wachinjaji.

Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, kama sisi. Kwato mbili na pua vilipotokea, mdogo wangu aliniita kwa kelele. "Usimvute," nilimwambia, "mwache asukume." Mtamba alizaa ndama jike. Siku za kwanza tulimwachia dang'a yote, maana maziwa hayo mazito ndiyo kinga ya ndama. Yalipobadilika, nilikamua mimi. Mdogo wangu alikuwa bado anaogopa mateke.

Alijaza kikombe cha mkubwa, kisha cha mdogo. Akajaza cha tatu, akabaki nacho mkononi.

"Hawa wangekunywa wiki tatu zilizopita," alisema.

"Ndiyo."

Akanipa. Nilikunywa nimesimama palepale, mikono ikinuka kiwele. Yalikuwa matamu, na yalikuwa ya ng'ombe wake.